Shukrani za Asiyekumbuka

"Mtaanza saa ngapi?" Mgonjwa anauliza, kumbe gego la mwisho limeshatoka na ufizi umeshashonwa. Kwa muda wote ule alikuwa akifumbua kinywa na kugeuza kichwa kila alipoambiwa. Hakulala; amesahau tu. Alidungwa midazolamu mshipani, dawa ya kutuliza iliyozoeleka kwa madaktari wa meno wa Uingereza, hasa tangu nusukaputi ilipoondolewa katika kliniki zao mwishoni mwa 2001 na kuachiwa hospitali. (Neno nusukaputi, lenye nusu yetu na kaputt ya Kijerumani, lingeifaa zaidi hali hii ya kati.) Masharti ya huko yanataka mgonjwa abaki akiitika anaposemeshwa.

Kusahau huko huhesabiwa kuwa fadhila ya dawa, nami sipingi. Ninachopinga ni kukugeuza kuwa ushahidi. Mgonjwa anayejaza fomu kwamba hakusikia maumivu anashuhudia jambo moja tu: hakumbuki kuyasikia. Midazolamu hupunguza hofu na kuzuia matukio mapya yasihifadhiwe akilini, lakini haiui maumivu. Hiyo ni kazi ya sindano ya ganzi. Ganzi isiposhika sawasawa, mtu ataguna, atakunja uso, pengine atausukuma mkono wa daktari, kisha saa moja baadaye atamshukuru kwa moyo mweupe.

Januari 1845, mjini Boston, mambo yalikwenda kinyume. Horace Wells, daktari wa meno kutoka Hartford, alimng'oa mtu jino baada ya kumvutisha nitrasi oksidi, gesi ya kupunguza maumivu, mbele ya wanafunzi wa udaktari. Mtu yule akapiga kelele, na Wells akazomewa. Baadaye mgonjwa alikiri kwamba aliumia, ila si kama ilivyo kawaida ya kung'olewa jino. Ukumbi ule uliamini sauti ukapuuza maelezo ya baadaye. Sisi tunaamini maelezo ya baadaye na kuipuuza sauti.

Atatokea wa kusema kwamba kumbukumbu ya maumivu ni dhaifu hata bila dawa. Ni kweli. Mwaka 1985 mtafiti Gerry Kent alionyesha kwamba wagonjwa wa meno wenye hofu nyingi, miezi mitatu baada ya matibabu, hukumbuka maumivu yanayokaribia zaidi yale waliyoyatarajia kuliko yale waliyoyaeleza siku yenyewe. Kwa mtu aliyekwepa kiti cha daktari miaka kumi, basi, kusahau kunaweza kuwa tiba. Lakini kumbukumbu ikiwa shahidi dhaifu hivyo, kuitegemea yenyewe kupima ubora wa huduma ni ajabu zaidi.

Tena kutokumbuka si kutoguswa. Mwanasaikolojia Claparède wa Geneva aliandika mwaka 1911 kuhusu mwanamke aliyepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Alimchoma mkononi kwa pini aliyoificha katikati ya vidole vyake. Baadaye Claparède alipousogeza tena mkono wake, mama huyo, bila kukumbuka tukio, aliuondoa wa kwake. Ugonjwa wake si sawa na dawa ya saa moja, lakini unatosha kutuzuia kudhani kwamba kisichosimulika hakikuacha alama.

Kipimo cha uaminifu, basi, ni daftari linaloandikwa wakati kazi ikiendelea: aliguna lini, ganzi iliongezwa mara ngapi. Mgonjwa naye aelezwe, kabla ya sindano, kwamba huenda akaumia kidogo na asijue. Akirudi kutolewa nyuzi asomewe yaliyoandikwa, kama anataka kuyasikia.