Kerry, mafuta na msitu wetu: maneno ya mgeni tuyapime namna gani?

Mwezi wa Oktoba 2022, wajumbe wa nchi nyingi walikutana Kinshasa kutayarisha COP27, mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa. Kati yao alikuwa John Kerry, mjumbe wa raisi wa Marekani kwa mambo hayo. Aliomba serikali ya Congo iondoe vitalu fulani vya mafuta kwenye mnada, ili msitu usiharibiwe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa je, mgeni huyu alileta dawa, ao alileta masharti tu? Kwa mkaaji wa Yahuma, swali hili si la Kinshasa peke yake. Teritwari yetu iko upande wa mashariki wa bonde la kati, lile bonde la misitu na mabwawa wanalobishania.

Mnada ulianza namna gani?

Novemba 2021, kule Glasgow, Raisi Félix Tshisekedi na Boris Johnson wa Uingereza walitangaza mapatano ya dola milioni 500 kwa miaka 5, kwa kulinda msitu wa Congo. Hata mwaka haujaisha, Julai 2022, serikali ikafungua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gazi. Kati ya vile vya mafuta, 9 vilikuwa katika bonde la kati, vingine upande wa ziwa Tanganyika, ziwa Albert na pwani. Vile 3 vya gazi ni vya ziwa Kivu.

Mgeni alisema kweli wapi?

Chini ya mabwawa ya bonde la kati kuna udongo mweusi wa majani na miti iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Wataalamu wanauita turbe. Mwaka 2017, watafiti wa Uingereza pamoja na wa Congo-Brazzaville walionyesha kwamba udongo huu unashika kaboni karibu tani miliari 30. Maji ndiyo yanayoulinda. Ukichimba mifereji na kupasua barabara, maji yanatoka, udongo unakauka, kaboni inapanda hewani. Mvua zikivurugika, mkulima wa muhogo na mpunga hatakuwa na wa kumshitaki. Kwa hiyo Kerry hakusema uongo.

Kilichokosekana ni nini?

Ève Bazaiba, minista wa mazingira wakati ule, mtoto wa Tshopo, alijibu palepale Kinshasa kwamba watu wanahitaji hewa ya kupumua, lakini wanahitaji mkate vilevile. Jibu hilo lina uzito. Mmarekani mmoja, kwa kuchoma petroli, gazi na makaa ya mawe, anatoa zaidi ya tani 10 za hewa chafu kila mwaka. Mkongomani hafikishi hata robo ya tani. Na miezi michache nyuma, Machi 2023, serikali ileile ya Marekani ikakubali mradi mkubwa wa mafuta wa Willow, kule Alaska.

Upande wa umeme pia, pengo ni kubwa. Katika Congo nzima, karibu mtu 1 kati ya 5 ndiye anapata umeme. Kisangani inategemea baraji ya Tshopo ya tangu wakati wa wakoloni, yenye mashine 3, na hata zote zikizunguka hazifike megawati 20. Yahuma, usiku ni tochi, sahani ya jua kwa mwenye nazo, na makala jikoni. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 48, inasema kila mtu ana haki ya kupata umeme.

Je, mafuta yangeleta mkate?

Hapo nasi tusijidanganye. Muanda, upande wa bahari, mafuta yanatoka tangu miaka ya 1970. Yanauzwa ng'ambo yakiwa mabichi, na petroli ya pikipiki zetu inanunuliwa kutoka inje. Mtu wa Muanda angali analilia kazi na maji safi. Mafuta peke yake hayaleti haki. Inategemea nani anashika hesabu.

Leo mambo yamefika wapi?

Oktoba 2024, minista Aimé Sakombi alifuta mnada, akisema maombi yalikuwa machache, mengine yamechelewa ao hayakufuata sheria. Januari 2025 serikali ikatangaza Njia ya Kijani, kutoka Kivu mpaka Kinshasa, ikipitia Kisangani. Mwaka uleule ikafungua vitalu vipya 52 katika bonde la kati, na vingi vinaingia ndani ya Njia hiyo. Kerry amekwisha kuacha kazi ile. Msitu uko palepale, na sisi tuko ndani yake.

Mwenyeji afanye nini?

Tangu dekreti ya Agosti 2014, jamii ya kijiji inaweza kuomba msitu wake wa desturi, hadi hekta 50,000, bila kuulipia na bila mwisho wa muda. Karatasi hiyo haiwape mafuta ya chini ya udongo, maana hayo yako mikononi mwa Leta. Lakini inawapa jina na nafasi ya kusema.

Basi mgeni akija na maneno ya kulinda msitu, ao mkubwa wa Kinshasa akija na maneno ya mafuta, wote wawili tuwaulize sawasawa: ni feza ngapi, zitapita kwa nani, zitafika kijijini siku gani, na karatasi iko wapi? Anayekasirika kwa maswali hayo, huyo hakuja kwa ajili yetu.