Kiti cha mtemi kilichogeuka jengo

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukaipita Igoma na kufika Kisesa, hauko mbali na Bujora. Hapo, ndani ya Makumbusho ya Wasukuma, kuna jengo ambalo mfano wake haukutafutwa kwenye jengo jingine. Ulitafutwa kwenye kiti. Ni banda linalohifadhi viti vya enzi, ngoma na mataji ya watemi wa Usukuma, na lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Bujora ni matunda ya kazi ya Padri David Clement, mmisionari wa shirika la Mapadri Weupe aliyetoka Kanada na kuanza utume wake huko miaka ya 1950. Kanisa la parokia lilijengwa la duara, kwa mfano wa nyumba ya Msukuma, na makumbusho yakaanzishwa mwaka 1968. Miaka hiyo, kwingineko duniani, wasanifu walikuwa wakichora kwanza majengo ya zege na vioo, ndipo wabuni kiti na taa vya kuendana nayo. Bujora ilianzia upande wa pili: chombo cha nyumbani kikalifundisha jengo.

Jambo hilo lina uzito kwa fundi wa leo. Mwanza haina uhaba wa maseremala wala mafundi wa kuchomelea. Lakini mteja akitaka kitu kipya, mara nyingi huja na picha kwenye simu ya sofa iliyobuniwa kwa ajili ya sebule ya nchi ya baridi. Ilhali kulizunguka Ziwa Victoria kuna urithi wa usanifu wa kisasa wa karne ya 20, na ndani yake mna kazi ya kutosha kwa yeyote anayetaka kubuni samani na vyombo vya nyumba zetu.

Kutoka Frankfurt hadi ziwani

Mwaka 1925 jiji la Frankfurt, Ujerumani, lilimkabidhi msanifu Ernst May jukumu la kupunguza uhaba wa nyumba. Katika miaka mitano tu, timu yake ilijenga maelfu ya nyumba za watu wa kawaida. Haikuishia kwenye kuta na mapaa. Ilishughulikia pia samani, vitasa, taa, na zaidi ya yote, jiko.

Jiko hilo lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa kike kutoka Austria. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na kila kitu kilipangwa kwa kufuata mwendo wa mikono na hatua za mpishi. Taa ilining'inia kwenye reli darini ili isogezwe panapohitajika mwanga. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Mchele na sukari vilikaa kwenye vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, kila kimoja kikiwa na jina la kilichomo. Unga ulitengewa droo za mbao za mwaloni, zinazoukinga na wadudu. Makabati yalipakwa buluu kwa sababu iliaminika kuwa rangi hiyo hufukuza nzi. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalijengwa, na jiko la kisasa la makabati ya ukutani linaloonekana leo katika nyumba mpya za mtaa wa Capri Point hapa Mwanza limetokana na ukoo huo.

May mwenyewe aliondoka Ujerumani mwaka 1930 kwenda kufanya kazi katika Urusi ya Kisovieti. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, May hakuweza tena kurudi nyumbani. Mwaka uliofuata alihamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Ndipo kalamu yake ilipofika ziwani. Kuanzia mwaka 1945 alipanga upanuzi wa mji wa Kampala. Alichora shule ya wasichana ya Aga Khan mjini Kisumu, na Makumbusho ya Uganda yaliyojengwa Kampala mwaka 1954 pia ni kazi yake.

Huku kwetu usanifu huo ulikutana na mwalimu mkali, yaani jua. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni hupiga moja kwa moja kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo wasanifu walielekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, wakayawekea madirisha vikinga jua vya zege, wakaachia upepo wa ziwani njia ya kupita. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Uganda, lililochorwa na Peatfield na Bodgener na kufunguliwa mwaka 1959, limefunikwa mbele kwa pazia zima la zege lenye matundu. Lilikusudiwa kupendeza, na pia kupoza jengo.

Tundu lenye kazi

Kati ya mambo yote ya zama zile, hilo ndilo lililoingia zaidi katika nyumba zetu. Tofali la matundu halihitaji kiwanda. Fundi hujaza mchanganyiko wa saruji na mchanga kwenye kalibu, hushindilia, hulichomoa polepole, kisha huliacha kivulini na kulimwagilia maji kwa siku kadhaa ili likomae. Likishajengwa kwenye ngazi, stoo au baraza, huingiza hewa na mwanga, huvunja makali ya jua, na mwenye nyumba hanunui kioo.

Kanuni hiyohiyo iko kwenye kabati la chakula la wavu, lile ambalo miguu yake husimamishwa ndani ya makopo ya maji. Upepo unapita, nzi anabaki nje, na sisimizi hapandi. Hakuna kilichozidi na hakuna kilichopungua. Schütte-Lihotzky angelielewa kabati hilo bila kuelezwa.

Angeielewa pia kazi ya Makoroboi, eneo la katikati ya Mwanza lililopata jina kutokana na taa zilizotengenezwa hapo kwa mabati chakavu. Ichunguze koroboi kwa karibu. Kopo limekuwa tangi la mafuta. Kipande cha bati kimekunjwa kuwa mrija wa utambi. Kingine kimepindwa kuwa mkono wa kushikia, na maungio yamelehemiwa ili mafuta yasivuje. Kila kipande kina sababu ya kuwepo.

Huko Ujerumani, Marcel Breuer wa shule ya Bauhaus alibuni kiti cha mabomba ya chuma mwaka 1925 baada ya kuvutiwa na usukani wa baiskeli yake. Miaka minne kabla yake, yeye na mfumaji Gunta Stölzl walikuwa wametengeneza kiti cha enzi cha mbao kinachojulikana kama Kiti cha Kiafrika. Wakubwa wa usanifu wa kisasa walikuwa wakitazama viti vya kwetu, na walikuwa wakitazama baiskeli. Usukuma ina vyote viwili.

Paa lililokuwa chombo

Mtanzania aliyeona vizuri kwamba jengo lenyewe linaweza kuwa chombo ni Beda Amuli, msanifu aliyesomea Israel na kuwa miongoni mwa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Soko lake la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, lina paa la zege lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa juu chini. Miavuli hiyo inatoa kivuli, inapitisha hewa, na inakusanya maji ya mvua na kuyateremsha kupitia nguzo. Paa limefanya kazi ya kivuli na ya chombo cha kukinga maji kwa pamoja. Moto wa mwaka 2021 uliliumiza sana soko hilo, nao ulitukumbusha kwamba majengo haya hayana umri wa milele.

Kampala wamekwishapata somo hilo. Mwaka 2011 ulipotangazwa mpango wa kujenga mnara wa kibiashara kwenye kiwanja cha makumbusho yaliyochorwa na May, watetezi wa urithi walikwenda mahakamani kuupinga. Makumbusho bado yamesimama.

Mwanza haihitaji kusubiri kesi. Vyuo vya VETA vinaweza kuwatuma wanafunzi wa useremala na uchomeleaji kupima ngazi, grili, baraza na matofali ya matundu ya majengo ya zamani ya mjini, na viti vilivyopo Bujora, kisha wachore walichokiona. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo, inaweza kuwasaidia kufikisha michoro hiyo sokoni. Wasinakili sura ya jengo tu. Kuchora tundu juu ya mlango wa kabati ni pambo, lakini kulitoboa ili nguo zisipate ukungu msimu wa masika ni ubunifu. Stuli zinazopangwa moja juu ya nyingine katika chumba cha kupanga, taa ya meza inayotuliza mwanga kwa matundu, kabati la vyombo linalojikausha kwa upepo: vyote vinaweza kutengenezwa hapa Mwanza, Nyakato au Igoma, kwa zana zilizopo leo, na vikauzwa Kisumu, Bukoba na Kampala kwa jina la Mwanza.