Kwa nini picha ya CT haifunguki kama picha ya harusi

Leo naacha mambo ya simu kidogo, tuzungumzie programu za kutazama picha za hospitali. Mimi natokea pande za Cheptais, chini ya Mlima Elgon, na huko kila nyumba inaijua ile bahasha kubwa ya kaki ya eksirei. Mgonjwa hushuka Bungoma au huenda Kitale, hupigwa picha, kisha hurudi na bahasha kwapani. Daktari huinua filamu dirishani na kuitazama. Filamu haihitaji programu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Wilhelm Röntgen alipogundua miale hiyo mwaka 1895. Shida yetu sisi watu wa kompyuta ilianza tarehe 1 Oktoba 1971, London, katika hospitali ya Atkinson Morley. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI (ndiyo, hao hao wa sahani za Beatles) alipiga picha ya kichwa cha mgonjwa kwa mashine ya CT. Picha ile ilikuwa ni namba tupu. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa mgumu hupita 1000. Kila kampuni iliyofuata ikahifadhi namba zake kwa mtindo wake, na mashine yake tu ndiyo iliyoweza kuzisoma. Ukinunua kwao, umeolewa.

Mwaka 1983 madaktari wa radiolojia wa Marekani waliketi na watengenezaji wa mashine. Kanuni ya kwanza ilitoka 1985, ya pili 1988, zote zikitegemea waya maalumu wa pini 50. Ya tatu, ya 1993, ilipewa jina DICOM na kupita kwenye mtandao wa kawaida. Fungua faili lolote la DICOM kwa programu ya kuonyesha baiti, ruka baiti 128 za mwanzo, utakuta herufi DICM. Baada yake huja jina la mgonjwa, tarehe, umbali kati ya nukta kwa milimita, kisha namba za Hounsfield.

Kanuni ikawa wazi, lakini programu nzuri zikabaki ghali. Mwaka 2004 madaktari wawili, Antoine Rosset na Osman Ratib, walitoa OsiriX, programu huria kabisa. Ila ilitaka Mac. Sasa niambie, kliniki ngapi za Bungoma zina Mac? Baadaye toleo la bure lilibanwa, na mwaka 2015 wengine wakachukua msimbo wa zamani na kutoa Horos. Nayo ni ya Mac vilevile!

Wakati huo huku kwetu maandishi yalikuwa yametangulia. Eldoret walianza kutumia OpenMRS mwaka 2006 kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Picha zilibaki kwenye bahasha mpaka 2015, serikali ilipotia saini mikataba ya kukodisha vifaa, zikiwemo mashine za eksirei za dijitali, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Bahasha ikageuka CD.

Daktari mmoja wa Kitale mwenye kliniki yake aliniita kwa sababu ya CD kama hizo. Nilimwekea Orthanc, seva ndogo iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne kule Liège, Ubelgiji. Inatosha kwenye kompyuta kuukuu. Mezani nikamwekea Weasis, inayokubali Windows na Linux. Nilimweleza mapema kwamba programu hizi za bure hazijaidhinishwa kwa kutoa uamuzi wa mwisho wa ugonjwa. Ripoti ni ya mtaalamu wa radiolojia. Yeye atafuata ripoti akiwa na picha mbele yake.

“Lakini si wananitumia kwa WhatsApp?” akaniuliza.

Hapa ndipo penye uzito. Picha ya CT huwa na ngazi 4096 za weusi na weupe. Picha ya simu ina 256. Ndani ya Weasis unaburuta kipanya, mfupa unaonekana. Unaburuta tena, mfupa unafifia na ubongo unajitokeza, pamoja na utando mwembamba wa damu uliojibana kwenye fuvu. Anayepiga skrini picha kwa simu hugandisha mtazamo mmoja tu, na zile milimita hupotea. Kijana wa bodaboda aliyeanguka akarudishwa nyumbani Cheptais, na usiku kichwa kikazidi kuuma, anahitaji mtu anayeweza kuburuta kile kipanya. Tena skrini huwa na jina lake pembeni, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Basi CD ikifika, nakili folda nzima. Usichague faili moja moja. Kila faili ni kipande kimoja tu cha kichwa.