Majani ya Mwarobaini Katika Mizani ya Ibn Sina

Wengi wetu tumelelewa na mwarobaini. Jina lenyewe linatokana na arubaini, idadi ya maradhi ambayo mti huu unasemekana kuyatibu. Siku hizi wanafunzi wa vyuo vikuu husaga majani yake, huyaloweka katika spiriti, kisha hujaribu maji yake juu ya bakteria. Wengine hudhani jaribio la namna hii halina mizizi kwetu.

Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb. Bakteria hakuwajua. Elimu yake ilihusu joto na ubaridi wa mwili, na hiyo imekwishaachwa. Masharti yake ndiyo tunayoyataka.

La kwanza, dawa isiwe na sifa ya kuazima. Maji tabia yake ni ubaridi, lakini yakichemshwa hutia joto maadamu bado ni ya moto. Sasa tutazame maabara. Bakteria hupakwa juu ya agari iliyoganda katika sahani, kisha huwekwa kikaratasi cha duara kilicholoweshwa dawa ya majani. Kesho yake, pakionekana duara tupu kukizunguka, bakteria hawakuota hapo. Je, kilichowazuia ni jani au spiriti? Maana spiriti nayo huua. Kwa hiyo huwekwa kikaratasi kingine chenye spiriti peke yake. (Agari yenyewe ilitoka jikoni: mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa daktari wa Kijerumani, ndiye aliyeipendekeza.)

Ama sharti la saba, dawa ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani jaribio la simba au farasi huenda lisithibitishe chochote kwake. Na sahani ni mbali zaidi kuliko farasi! Haina ini wala damu. Mzazi anayesikia kuwa mwarobaini umeua bakteria, akamwachisha mtoto vidonge vya hospitali, amesikia habari ya sahani tu. Nchini Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mti huu huu, wakapatwa na kutapika, usingizi mzito na degedege.