Mgogoro wa picha takatifu

Mgogoro wa picha takatifu ulikuwa ugomvi wa karne ya 8 na ya 9 katika Dola la Bizanti kuhusu uhalali wa Wakristo kuheshimu picha za Yesu, Maria na watakatifu. Wapinzani walishikilia amri ya Kutoka 20 inayokataza kuchonga sanamu na kuisujudia. Kaisari Leo III aliwaunga mkono, na mwaka 754 mtaguso wa Hieria, ulioitishwa na mwanawe Konstantino V, ukazilaani picha.

Mtetezi hodari wa picha, Yohane wa Damasko, aliishi chini ya utawala wa Waislamu, kwa hiyo mkono wa kaisari haukumfikia. Alijenga hoja kwamba Mungu asiyeonekana hachoreki, ila alipotwaa mwili alionekana, na kilichoonekana huchorwa. Tena Kutoka 25 inaagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Mtaguso wa pili wa Nisea (787) ulitenganisha heshima ipewayo picha, ambayo humwendea aliyechorwa, na ibada impasayo Mungu peke yake. Marufuku ilirudi mwaka 815, ikakoma 843.

Mpaka huo kati ya heshima na ibada ni rahisi kuuandika kuliko kuulinda: Biblia yenyewe inasimulia jinsi mfalme Hezekia alivyomvunja nyoka wa shaba wa Musa kwa sababu watu walimfukizia uvumba. Ugomvi ulizuka tena wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti: mji wa Zürich uliondoa picha makanisani mwaka 1524, ilhali Luther aliwapinga waliozivunja.