Noti isiyo na kitufe: sauti ya taarab iliyobanwa na kinanda

Ingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo, bonyeza kinanda. Kutoka Do hadi Do inayofuata kuna hatua 12, basi. Sasa taarab ya zamani ilikuwa na sauti nyingine zinazokaa katikati ya vitufe viwili. Kwenye udi na fidla hazikuwa shida, kwa sababu shingo haina vizuizi, kidole kinakaa popote.

Mambo haya yametoka Misri. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma mwanamuziki Cairo akajifunze ganuni. Mwaka 1905 Unguja ikapata Ikhwani Safaa, na Dar nayo ikaja kuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan. Yakaja pia majina ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti: Rasti, Bayati, Hijazi. Rasti ikianzia Do, Mi yake si Mi ya kawaida wala si Mi flati. Iko kati. Waarabu wanaiita sika.

Utaiandikaje? Kwenye karatasi za muziki wa Kiarabu, alama ya flati inachorwa mkato: shusha robo toni. Shapu yenye mstari mmoja tu wa wima: pandisha robo. Ukihesabu kwa senti, nusu toni ni 100, robo ni 50.

Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo kwenye kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu. Kukawa na mvutano: oktavo igawanywe robo 24 zilizo sawa au la? Waliokataa walikuwa na hoja, maana sika ya mji mmoja inaweza kuwa juu kidogo kuliko ya mji mwingine. Alama inakuonyesha jirani, nyumba yenyewe unaipata kwa sikio.

Miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa na mipasho. Kinanda kikachukua nafasi ya wapiga fidla kibao. Watu walicheza, ukumbi ukajaa, ila sika ikakosa pa kukaa. Mwimbaji akiimba vile alivyofundishwa na wazee, anaonekana katoka nje ya tuni!

Kumbe vinanda vingi vya siku hizi vina sehemu ya kubadili tuni ya kila noti. Shusha Mi senti 50, sika inarudi. Na Zanzibar, chuo cha muziki cha Dhow Countries kinafundisha udi na ganuni tangu 2002.

Wadau, taarab bila sika bado ni taarab? Tiririka hapo chini.