Sauti Kupanda na Kushuka: Pedali ya Kinanda na Tundu la Ilimba

Kila mpiga ala, awe wa zeze au wa gitaa la umeme, hukabiliwa na tatizo moja. Mikono yake miwili imekwisha kushikwa na kazi ya kuchagua noti na kutunza mapigo. Je, kazi ya kuipa sauti uhai, yaani kuikuza na kuififisha, kuifungua na kuifumba mithili ya kinywa cha mtu asemaye, itafanywa na kiungo gani? Kila taifa lililounda ala limelitafutia swali hili jibu lake.

Insha hii inakusudia kueleza majibu mawili. La kwanza ni pedali ya kuongozea sauti, iliyozaliwa Ulaya na kukua Marekani. La pili ni ufundi wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma na nyanda za kati za Tanzania. Yafaa yawekwe pamoja, kwa maana mara nyingi la kwanza limeitwa ufundi na la pili likaitwa kelele. Hukumu hiyo haina msingi, na madhara yake si madogo.

Asili ya pedali

Mwaka 1712, katika kanisa la Mtakatifu Magnus mjini London, mafundi wa ukoo wa Jordan walionyesha kinanda kikubwa chenye kitu kipya. Baadhi ya filimbi zake zilikuwa zimefungiwa ndani ya sanduku lenye mlango uliofunguka na kufungwa kwa amri ya mpigaji. Mlango ukifunguka, sauti ilivimba, ukifungwa, ilinywea. Filimbi za kinanda, ambazo kwa asili hutoa sauti ya kiwango kimoja tu, zikapata uwezo wa kupaza na kunong'ona. Baadaye kazi ya kuuendesha mlango huo ikakabidhiwa mguu, kwa kuwa mguu haukuwa na shughuli nyingi kama mkono.

Katika miaka ya 1840 mjini Paris kilitengenezwa kinanda kidogo cha kukanyaga, ambacho baadaye kilienea pamoja na misheni hata kikafika Afrika ya Mashariki. Hicho nacho kilikuwa na kifungo ambacho kikivutwa, pumzi ya mivukuto ilikwenda moja kwa moja kwenye ndimi za shaba. Tangu hapo nguvu ya sauti ilitegemea wepesi au uzito wa miguu ya mpigaji.

Umeme ulipoingia, wazo halikubadilika. Kinanda cha Hammond, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, kilikuwa na pedali ya kukuza na kupunguza sauti. Mwaka 1967 ikauzwa pedali ya gitaa inayoifanya sauti itamke "wa-wa", kana kwamba gitaa linafumbua na kufumba kinywa.

Mwanafunzi atakayekutana na pedali ya namna hii kwenye kinanda cha siku hizi afahamu kwamba kazi yake ni nyepesi kueleweka. Ubao wa kukanyagia umeunganishwa na kizuizi cha umeme kinachoweza kuongezwa na kupunguzwa. Kisigino kikishuka, chombo husoma kipimo cha chini. Vidole vikishuka, husoma kipimo cha juu. Kwa hiyo kabla ya kuitumia yapasa kufanywa mambo matatu. Kwanza, waya wake uchomekwe katika tundu lililowekwa kwa ajili hiyo, wala si tundu jingine lolote. Pili, chombo kifundishwe mipaka ya pedali: mguu ukanyage mpaka mwisho wa nyuma, kisha mpaka mwisho wa mbele, ili chombo kijue wapi pa kuanzia na wapi pa kukomea. Tatu, mpigaji achague ni kitu gani kitakachoongozwa, kama ni ukubwa wa sauti, ukali wake au mwangwi, na kwa kiasi gani. Pedali iliyoachiwa nafasi yote tangu kimya hadi kishindo humshinda anayejifunza; aliyeipunguzia nafasi hupata utulivu. Yaliyobaki ni sikio na mazoezi.

Jibu la Ugogo

Sasa tuielekee Dodoma. Ilimba ya Wagogo ni marimba ya sanduku: ndimi za chuma zilizofuliwa zikawa bapa, zimepangwa juu ya sanduku la mti na kupigwa kwa vidole gumba. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mengi, na muziki wa Wagogo ukahifadhiwa katika santuri zake.

Mpigaji wa ilimba naye hana mkono wa akiba. Vidole gumba vinapiga, na vilivyobaki vinashika sanduku. Lakini mafundi wa marimba za sanduku, Ugogo na kwingineko katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, waliona kwamba vidole vinavyoshika havina budi kupewa kazi. Sanduku lilitobolewa tundu, nacho kidole kikawa mlango wake. Kidole kikiziba, hewa iliyomo ndani hubanwa, na sauti huwa nzito na ya kufumbika. Kikiachia, sauti hupaa na kung'ara. Kikiziba na kuachia upesi upesi, noti moja iliyokwisha kupigwa huanza kutetema na kutamka. Sanduku lile la London na sanduku hili la Dodoma lina kanuni moja: chumba cha sauti na mlango unaotii amri ya mwanamuziki. Tofauti ni kwamba mmoja aliuweka mlango mguuni, mwingine akauweka kwenye ncha ya kidole.

Kuiandaa ilimba kuna taratibu zake kama kulivyo kuiandaa pedali. Ulimi wa chuma ukivutwa nje ukawa mrefu, sauti hushuka. Ukisukumwa ndani, hupanda. Nta ikibandikwa chini ya ncha huongeza uzito na kuishusha sauti kidogo kidogo, mpaka sikio liridhike. Ndimi nyingine hazipigwi kabisa. Huwekwa ili zitikisike zenyewe pale jirani zake zipigwapo, na kwa njia hiyo kila noti huvikwa wingu la sauti. Mwisho hutafutwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Utando huo hubandikwa juu ya tundu dogo la sanduku, ukavuma kila sauti ipitapo. Mvumo huo umewekwa kwa makusudi. Ilimba isiyovuma, kwa sikio la Mgogo, ni chakula kisicho chumvi.

Zaidi ya hayo, kuna jambo la mpangilio wa sauti. Wataalamu, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba ngazi ya muziki wa Wagogo inafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi. Miongoni mwake ni sauti ya saba, ambayo iko chini ya noti ya piano iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Hapo piano haina jibu, maana noti hiyo haimo kabisa katika vibao vyake.

Kutoka kijijini hadi ulimwenguni

Baada ya Uhuru, mwaka 1962 iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata. Miongoni mwa walioitwa kutoka mikoani ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, mkoani Dodoma. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, ilimba na zeze vikawa masomo yenye walimu. Zawose aliunda ilimba kubwa kuliko zile za kijijini, akazipeleka katika majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani. Mwaka 2002 ilitoka albamu iitwayo Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada ajulikanaye kwa ustadi wa vyombo vya umeme. Ala ya nta na utando wa buibui ikakaa meza moja na ala za waya na pedali, wala haikuonekana fukara. Zawose alifariki Bagamoyo mwezi Desemba 2003.

Mwana mwingine wa Dodoma, Patrick Balisidya, aliyefariki mwaka 2004, alishika njia ya pili. Yeye aliongoza bendi ya Afro 70, iliyokuwa miongoni mwa wawakilishi wa Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Kwake gitaa la umeme lilikuwa chombo cha kazi, wala halikumfanya aisahau asili yake. Mifano hii miwili yathibitisha kwamba hakuna ugomvi baina ya pedali na tundu.

Yaliyo hatarini

Hatari ipo kwingine. Pedali inakuja na kijitabu cha maelezo. Ilimba haina kijitabu. Kipimo cha nta, mahali pa kutoboa, aina ya utando, na mwendo wa kidole juu ya tundu, yote hukaa katika mikono na masikio ya mabingwa. Bingwa akiondoka bila mwanafunzi, maelezo yote yameondoka. Hatari ya pili ni ya wenye nia njema. Mwalimu anayeirekebisha ilimba ifuate piano ameiua sauti ya saba. Fundi wa studio anayeuondoa mvumo ili kusafisha wimbo ameuondoa wimbo wenyewe. Ala hubaki na umbo lake, lakini ulimi umekatwa.

Tamasha la muziki wa Wagogo lililoanzishwa Chamwino mwaka 2009 limeonyesha kwamba wenyeji wenyewe wanaweza kuushika urithi huu. Shule nazo zina sehemu yao. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi sanduku lenye tundu wapime jinsi sauti inavyobadilika kidole kinapoziba. Mwalimu wa muziki anaweza kuweka kinanda chenye pedali kando ya ilimba, akawataka wanafunzi waimbishe noti moja kwa vyote viwili. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma kwa wazee waandike, kwa maneno ya wazee hao, namna ala inavyoandaliwa tangu gogo hadi utando.

Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Kijana atakayeifahamu kazi ya kidole kile kidogo kwenye tundu atakanyaga pedali kwa heshima, bila kudhani kwamba ufundi wa kuongoza sauti uliletwa kwao kwa meli.